Mlo wa Pamoja na Ulaji wa Kijana Balehe: Mwongozo kwa Familia

Kijana balehe, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 10 hadi 19, na katika kipindi hicho mwili hukua kwa kasi ambayo haijaonekana tangu utoto mchanga na ambayo haitarudi tena. Mifupa hurefuka na kukomaa, misuli huongezeka, kiasi cha damu hupanda, na kwa wasichana huanza hedhi ambayo kila mwezi huondoka na sehemu ya madini chuma ya mwili. Ndicho pia kipindi ambacho mzazi huanza kupoteza mamlaka juu ya kile ambacho mwanawe anakula, kwa kuwa saa nyingi za siku hupita shuleni, njiani na kwa marafiki, na mfukoni mna fedha kidogo ya kununulia chochote kilicho karibu. Mwongozo huu unahusu mlo ambao bado umo mikononi mwa familia, yaani ule unaoliwa nyumbani na watu walioketi pamoja, na unamlenga hasa mzazi au mlezi wa mjini nchini Tanzania, ingawa mengi yaliyomo yanaweza kutumika Mombasa au Nairobi bila kubadilishwa. Msimamo wake ni kwamba mlo huo humfaa kijana kwa saa yake, kwa namna unavyogawanywa na kwa maneno yanayosemwa wakati wa kula, zaidi ya wingi au ughali wa kilichopikwa.

Tafiti nyingi kuhusu jambo hili zimefanyika Marekani, hivyo inafaa zisomwe kwa hadhari. Mradi uitwao Project EAT wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ulioongozwa na mtafiti Dianne Neumark-Sztainer, ulihoji vijana 4,746 wa shule za eneo la Minneapolis na Saint Paul katika mwaka wa masomo wa 1998–1999, ukaona kwamba wale waliokula na familia mara nyingi zaidi walipata matunda, mboga na vyakula vyenye kalsiamu kwa wingi kuliko wenzao, na walikunywa soda kidogo. Mwaka 2011 Amber Hammons na Barbara Fiese walichapisha katika jarida la Pediatrics uchambuzi unganishi, yaani kazi inayokusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuyapima kwa pamoja, uliohusisha tafiti 17 na watoto na vijana zaidi ya 182,000. Katika familia zilizokula pamoja angalau mara 3 kwa wiki, uwezekano wa kijana kuwa na uzito uliozidi ulikuwa pungufu kwa asilimia 12, wa kula vyakula visivyofaa pungufu kwa asilimia 20, wa kuwa na mwenendo wa ulaji wenye madhara pungufu kwa asilimia 35, na uwezekano wa kula vyakula bora ulizidi kwa asilimia 24. Takwimu za aina hii huonyesha mambo yanayoandamana, wala hazithibitishi kwamba moja ndilo lililozaa lingine, maana familia inayoweza kukutana jioni huenda pia ina kipato cha uhakika na utulivu wa nyumbani ambao wenyewe ni kinga. Hata hivyo, kiwango hicho cha mara 3 kwa wiki kinastahili kushikwa na kila mzazi mwenye shughuli nyingi, kwa sababu kinamwondolea dhana kwamba asipoweza kila siku basi hana haja ya kujaribu.

Saa ya kula

Mlo wa pamoja, kama unavyoelezwa hapa, hauhitaji kila mwanafamilia awepo. Unatosha ikiwa kijana na angalau mtu mzima mmoja wa nyumbani wanakula chakula kilekile, mahali pamoja, kwa wakati mmoja, bila mmoja wao kuwa na haraka ya kuondoka. Ufafanuzi huu ni muhimu kwa sababu katika miji mikubwa ratiba za watu wa nyumba moja hazikutani kirahisi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesoma mbali na kwao anaweza kutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni akiwa amechoka, mama akawa bado yuko sokoni au kazini, na baba akaingia saa tatu usiku baada ya foleni. Chakula kikipikwa hufunikwa kwa kawa, na kila anayefika hujipakulia kilichobaki, akala peke yake mbele ya televisheni. Nyumba ya namna hiyo haina upungufu wa chakula wala wa mapenzi, ila haina saa.

Kinachosaidia ni kuitafuta saa hiyo penye nafasi halisi badala ya kuilazimisha iwe usiku. Kwa familia nyingi kifungua kinywa cha Jumamosi au Jumapili hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko chajio, na kwa wengine chakula cha mchana cha Ijumaa baada ya sala, au cha Jumapili baada ya ibada, tayari kina heshima yake na hakihitaji kubuniwa upya. Familia ikae, ichague nyakati 3 katika wiki ambazo kila mmoja anaweza kuzitimiza, izitangaze mapema, na izilinde kama inavyolinda miadi ya hospitali, yaani isiruhusu mgeni wa ghafla, mechi ya mpira au simu ya biashara kuziondoa bila sababu nzito. Kijana apewe sauti katika uchaguzi huo, kwa kuwa naye ana masomo ya ziada, mazoezi na marafiki, na saa aliyoshiriki kuichagua huiheshimu zaidi ya ile aliyoamriwa.

Kuna jambo dogo linaloharibu mipango mingi, nalo ni njaa ya jioni. Kijana anayetoka shuleni saa kumi na moja jioni hawezi kusubiri saa mbili na nusu usiku bila kula kitu, na akiachwa hivyo atapitia kibandani kununua chipsi, kisha akifika wakati wa mlo atachezea chakula, na mzazi atadhani ana kiburi. Iandaliwe asusa, yaani chakula kidogo kinacholiwa katikati ya milo: ndizi mbivu na karanga, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha uliobaki asubuhi, kikombe cha mtindi, embe wakati wa msimu wake. Kiwe mahali ambapo kijana anapajua, akichukue mwenyewe bila kuomba ruhusa.

Mgawanyo wa kitoweo

Sehemu hii imepewa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu ndipo ambapo mazoea mema ya kula pamoja katika Afrika Mashariki yanapobeba kasoro ambayo tafiti za kigeni haziitaji. Katika nyumba nyingi, za pwani na za bara, chakula hupakuliwa kwenye sinia moja, watu wakaketi mkekani kulizunguka, wakanawa, wakamsubiri mkubwa aanze, na kila mmoja akala upande ulio mbele yake. Adabu hiyo ina mafunzo makubwa ndani yake: kijana hujifunza kusubiri, kula kwa mwendo wa wenzake, kutonyanyuka kabla ya wengine na kuacha kipande kizuri kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini sinia halionyeshi nani amekula nini. Mwenye tonge kubwa na mkono mwepesi hupata kitoweo kingi, mdogo au mpole huambulia ugali na mchuzi, na msichana aliyekuwa akiingia na kutoka jikoni kuleta maji, ndimu na pilipili huketi mwisho, wakati katikati ya sinia kumebaki mifupa.

Katika nyumba nyingine baba hutengewa chakula chake peke yake, na vipande vya heshima, kama vile firigisi, kidari, paja na maini, humwendea yeye na wageni, watoto wakabaki na shingo, miguu na mchuzi. Nia ya desturi hiyo ni njema, kwa kuwa inatukuza wazee na wageni, ila mwili hautazami cheo. Madini chuma ni madini ambayo mwili huyatumia kutengeneza himoglobini, protini ya damu inayosafirisha hewa ya oksijeni, na kwa viwango vya lishe vinavyotumika Marekani mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku, mvulana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 11, na msichana wa umri huohuo anahitaji miligramu 15. Maana yake ni kwamba firigisi na maini, ambavyo ni miongoni mwa vyakula vyenye madini chuma mengi na yanayofyonzwa kwa urahisi, humwendea yule ambaye mahitaji yake ni karibu nusu ya mahitaji ya binti yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, hali ambayo malaria, minyoo na lishe duni huchangia kwa pamoja, na ambayo msichana aliyeanza kupungukiwa akiwa na miaka 14 huingia nayo katika ujauzito wake wa kwanza.

Kurekebisha hali hii hakuhitaji kuvunja sinia. Ugali au wali ubaki wa pamoja, lakini kitoweo kigawanywe kabla ya watu kuketi, kila mtu awekewe chake katika kibakuli au upande wake wa sinia, na anayegawa azingatie umri na hali ya mtu, si cheo wala jinsia. Maji ya kunawa, beseni, chumvi, ndimu na maji ya kunywa viletwe vyote kabla ya mtu yeyote kumega tonge, na kazi ya kuvileta ifanywe kwa zamu kati ya wavulana na wasichana, ili asiwepo anayekula akiwa amesimama. Heshima ya baba au babu iendelee kuonekana katika mambo mengine ambayo hayamgharimu mtoto damu yake: kunawishwa wa kwanza, kuombwa aanze, kuachiwa mahali pake. Baba anayetamka mwenyewe, mbele ya wote, kwamba leo maini ni ya binti, hubadili desturi ya nyumba nzima kwa sentensi moja, na hakuna mtaalamu wa lishe anayeweza kulifanya hilo kwa niaba yake.

Kilichomo kwenye sahani

Wataalamu wa lishe huvigawa vyakula katika makundi kulingana na kazi yake mwilini: nafaka, mizizi na ndizi zinazotoa wanga, ambao ndio nishati, kunde, karanga na mbegu pamoja na vyakula vyenye asili ya wanyama, vinavyotoa protini ya kujenga mwili, mboga na matunda vinavyotoa vitamini na madini, na mafuta kwa kiasi. Tatizo la kawaida la mlo wa mjini ni kwamba kundi la kwanza hujaza sahani na mengine huwekwa kama mapambo. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu kuanzia miaka 10 ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi, mihogo na mizizi mingine ya wanga isihesabiwe, na kiasi hicho kwa macho ya kawaida ni vikombe viwili hivi vya mboga iliyopikwa pamoja na tunda moja la kutosha. Mahali pa kuanzia ni kupunguza tonge na kuongeza mboga, bila kununua kitu kipya.

Mlo mmoja wa mfano unaweza kuonyesha jinsi jambo hili linavyofanyika kwa bei ya sokoni. Ugali uwe wa dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ambao huhifadhi kiini na pumba na hivyo una makapimlo, sehemu ya mmea isiyomeng'enywa ambayo hulainisha choo na kumfanya mlaji ashibe mapema kuliko anapokula sembe. Mahindi yachambuliwe vizuri kabla ya kusagwa, yenye ukungu na yaliyovunda yatupwe, kwa kuwa sumukuvu inayotokana na ukungu haiondoki kwa kupika. Dagaa wakavu waondolewe mchanga, waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe kidogo na vitunguu na nyanya, kisha wakamuliwe ndimu mwishoni. Kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, wanatoa kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, ambayo kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kiasi cha miligramu 1,300 kwa siku, ilhali glasi moja ya maziwa ya mililita 250 hutoa takriban miligramu 300 tu. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, upikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe, kisha utiwe karanga zilizosagwa. Mwisho huja chungwa au kipande cha papai, na tunda hilo si anasa, kwa kuwa vitamini C iliyomo, kama ile ya ndimu, husaidia mwili kufyonza madini chuma ya mboga na kunde, ambayo bila msaada huo hupita kwa wingi bila kutumika.

Kinyume chake hutokea kwa chai. Majani ya chai yana tanini, kemikali inayoshikamana na madini chuma ya mimea na kuyazuia yasifyonzwe, hivyo kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na maharage huyapunguzia maharage hayo thamani kwa mtoto mwenye upungufu wa damu. Chai inywewe saa moja hivi kabla au baada ya mlo, na pale ambapo kifungua kinywa ni chai na maandazi tu, nafasi yake ichukuliwe mara kwa mara na uji wa ulezi uliotiwa maziwa au karanga. Chumvi ya jikoni iwe yenye madini joto, na isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika vidonge vya mchuzi.

Kuhusu vinywaji, familia ifanye uamuzi mmoja ulio wazi: kwenye mlo wa pamoja kinywaji ni maji. Soda ya mililita 350 huwa na sukari ya takriban vijiko 9 vya chai, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, kiwango ambacho kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni vijiko 12 kwa siku nzima, na ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya hapo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari hiyo na juu yake kafeini, takriban miligramu 80 katika kopo la mililita 250, inayokaribia ile ya kikombe cha kahawa, na kijana anayevitumia ili akeshe na vitabu hulala vibaya, huamka bila hamu ya kula, kisha hulipa deni hilo la njaa mchana kwa vitafunwa.

Chipsi zisifanywe adui. Kijana anayekatazwa kabisa chipsi mayai ataila kwa siri na kwa wingi, lakini yule anayejua kwamba ipo siku ambapo familia nzima itaikaanga nyumbani, kwa mafuta mapya, ikiambatana na kachumbari ya kutosha, hujifunza kuiona kama chakula miongoni mwa vyakula.

Maneno yanayosemwa wakati wa kula

Wazazi wengi hukutana na vijana wao kwenye mlo tu, na kwa sababu hiyo mashauri yote ya siku hupakuliwa pamoja na ugali: alama za hisabati, ada, simu iliyoharibika, rafiki asiyefaa. Kijana anayejua kwamba akiketi atahojiwa huanza kudai kwamba hana njaa, au kwamba atakula baadaye, au hula kwa haraka macho yakiwa chini, na mzazi huhesabu hilo kuwa utovu wa adabu wakati kumbe ni njia ya kujikinga. Familia iweke sharti kwamba mashtaka hayasemwi chakula kikiwa mbele ya watu, na kwamba jambo zito litapewa muda wake baada ya vyombo kuondolewa. Sharti hilo liwabane wazazi pia, kwa maana ugomvi wao wenyewe kuhusu fedha, ukiletwa hapo, huharibu hamu ya kula ya kila mtu aliyeketi.

Jambo la pili ni mazungumzo kuhusu mwili. Katika maisha ya kawaida ya Waswahili kutaja unene ni sehemu ya salamu: kumwambia mtu kwamba amenenepa huweza kumaanisha kwamba maisha yamemnyookea, na kumwambia amekonda ni kumuulizia shida zake. Kijana balehe hasikii hivyo. Mwili wake unabadilika bila yeye kuuamuru, anajilinganisha na picha za watu maarufu kwenye simu, na neno «bonge» au «kimbaumbau» likitamkwa na shangazi mbele ya wadogo zake hukaa naye kwa miaka. Uchambuzi wa takwimu za Project EAT uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijana waliotaniwa kuhusu uzito, iwe na wenzao au na watu wa familia, walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha kujidharau, dalili za sonona na hata mawazo ya kujiua, bila kujali uzito wao halisi. Kwa hiyo inapasa mzazi awaombe ndugu na wageni, kwa upole na pembeni, wasizungumzie mwili wa kijana, na yeye mwenyewe aache kuusema vibaya mwili wake mbele ya binti yake, kwa kuwa mama anayekataa wali huku akilalamikia tumbo lake humfundisha binti jambo ambalo hakukusudia.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani Ellyn Satter aliweka kanuni ambayo inaweza kuitwa mgawanyo wa wajibu: mzazi huamua nini kipikwe, kiliwe saa ngapi na wapi, na mtoto huamua ale kiasi gani katika kilichotengwa, au hata asile. Kanuni hii hugongana na malezi ya «kula umalize», ambayo yana mizizi katika heshima ya chakula na kumbukumbu ya njaa, na heshima hiyo haipaswi kupotea. Njia ya kuyapatanisha ni kijana ajipakulie kidogo kwanza na aongeze akitaka, ili chakula kisitupwe na wakati huohuo mwili wake ubaki ndio unaomwambia kwamba ameshiba. Asishurutishwe kula mboga asiyoipenda, ila iendelee kupikwa na kuliwa na wakubwa mbele yake bila hotuba, kwa sababu ladha ya kitu kama mnafu au mlenda huzoeleka kwa kukutana nayo mara nyingi.

Televisheni na simu hazihitaji maelezo marefu. Takwimu za Project EAT zilionyesha kwamba vijana waliokula na familia mbele ya televisheni walikula mboga kidogo kuliko wale waliokula imezimwa, lakini bado walikula vizuri kuliko wasiokula na familia kabisa. Hivyo nyumba isiyoweza kuizima izime angalau simu, za watu wazima kwanza, na izidi kula pamoja.

Kijana jikoni

Kijana ambaye hajawahi kupika hana uwezo wa kula vizuri siku atakapoondoka nyumbani, na katika familia nyingi upungufu huu huwapata wavulana, wanaofika chuoni wakijua kuchemsha maji tu na kuishi kwa chipsi na chapati za mama lishe. Kila kijana, awe wa kike au wa kiume, apewe siku moja katika wiki ambayo mlo wa pamoja ni wake tangu mwanzo: apewe fedha ileile ambayo mama angetumia, aende sokoni, apange kitoweo, mboga na tunda, apike, na agawe. Makosa yatakuwepo, wali utaungua na chumvi itazidi, na wakubwa wale bila kukemea. Anayegawa kitoweo kwa mkono wake hutambua haraka nani alikuwa hapati, na anayenunua dagaa na mchicha kwa fedha ya chipsi mbili hujua bei ya lishe kuliko aliyefundishwa darasani.

Vipindi vya pekee na dalili za hatari

Mwezi wa Ramadhani huwapa Waislamu wengi mlo wa pamoja kila siku bila kuupanga, kwa kuwa wote wanasubiri adhana moja. Ni nafasi kubwa, na inayopotea kirahisi iwapo futari itajaa vya kukaanga na juisi zenye sukari. Tende, uji, mihogo au ndizi za nazi, kunde na samaki vinatosha kumrejeshea nguvu kijana aliyefunga, mradi daku isiachwe, hasa kwa anayekwenda shuleni asubuhi, na daku hiyo iwe na maharage, mayai au maziwa, ambavyo hukaa tumboni kwa muda mrefu kuliko chai na mkate.

Familia inayokula pamoja ina faida nyingine ambayo hutajwa mara chache: huona mapema. Kijana anayetafuta kila kisingizio cha kutokula na wengine, anayekwenda chooni kila mara baada ya mlo, anayeficha chakula, anayepungua kwa kasi, anayekatikiwa hedhi au anayefanya mazoezi kupita kiasi akiwa hali, anaweza kuwa na ugonjwa wa ulaji, yaani maradhi ya akili yanayojidhihirisha kupitia chakula na hofu ya unene. Maradhi hayo hayaponi kwa kulazimishwa kula wala kwa kutishwa. Anayekula barafu, udongo au mchele mbichi, anayechoka kwa kupanda ngazi chache na ambaye viganja na ndani ya kope zake vimepauka, anapaswa kupimwa damu. Katika hali zote hizo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri likizo, na mzazi aingie naye kwa daktari ikiwa kijana mwenyewe anakubali.

Mwanafunzi wa bweni ana hali yake. Anaporudi nyumbani mwezi wa Juni au Desemba, baada ya miezi ya uji, ugali na maharage yanayoliwa kwa foleni na kwa haraka, huweza kula mno siku za mwanzo au kuamka wakati wenzake wamemaliza, na familia haina sababu ya kumsema kwa hilo. Aachiwe wiki moja, kisha saa za nyumbani zimhusu kama wengine. Likizo inapokwisha, nafasi ya biskuti na pakiti za sukari katika tranka lake ichukuliwe na karanga za kukaanga, tende na dagaa wakavu waliokaangwa na kutiwa ndimu, ambavyo hukaa bila jokofu. Kwa shule isiyoruhusu chakula kutoka nje, mzazi aulize katika kikao cha wazazi ni matunda gani yanauzwa au kugawiwa shuleni, na kwa siku ngapi za wiki.